Mgeni Rasmi Alikuwa Mkwe

Mpaka leo mtu akinialika kwenye sherehe ya kuwaenzi wanawake, namuuliza kwanza: mgeni rasmi ni nani, na ameoa wapi? Watu hudhani natania. Sitanii hata kidogo. Miaka ya sabini nilikuwa mwalimu kijana pale Geita, na pia katibu wa umoja wa akina mama, na ukatibu ule nusura unipe wazimu.

Kila mwaka umoja wetu uliwaenzi wanawake walioongoza jambo likaonekana. Mgeni rasmi alimvika kila mmoja kitenge begani mbele ya watu, vigelegele vikapigwa, tukala pilau. Siku zote tuliwavika walimu wakuu na wauguzi. Mwaka ule nilibishana na kamati mpaka koo likanikauka, wakakubali kumwita mama mmoja wa Nyarugusu, mwenyekiti wa kijiji chake, ambaye hakuwahi kukaa darasani. Wachimbaji wa dhahabu walikuwa wakioshea mchanga wao kwenye kisima cha maji ya kunywa. Yeye aliwakusanya wanawake wenzake, wakaketi kukizunguka kisima. Wenye sururu walitukana, wakatisha, mwishowe wakahama. Kama huyo hastahili kitenge, nani anastahili?

Alifika shuleni kwetu asubuhi kwa lori pamoja na wenzake wa kisimani, amejitanda khanga mpya. Nilimpa shikamoo, akaitikia, asiuachie mkono wangu.

"Mayu," aliniambia, kwa neno letu la Kisukuma la kumwita mwanamke kwa upendo, "leo wanangu watajua mama yao ni mtu."

Ofisa tuliyemwalika kutoka mkoani alipata udhuru, akamtuma msaidizi wake, kijana mtanashati. Kijana aliposhuka kwenye Landrova, mama yule alijifunika khanga usoni, akageuka, akatokomea nyuma ya jiko la shule. Kijana naye, badala ya kusalimia watu, akainamia viatu vyake. Alikuwa amemwoa binti wa mama huyo.

Kwetu mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani usoni, hawapeani mikono, hawali pamoja. Ni heshima, nimelelewa humo, na sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ulikuwa na kamati. Nusu yao walikula nyama ya harusi ile! Bwana harusi walimjua, mama wa bibi harusi walimjua, na walipotajiwa msaidizi anayekuja waliitikia "haya" wakaendelea kuchambua mchele.

Tukakusanyika nyuma ya jiko, moshi ukituingia machoni. Mmoja akasema tushike shuka katikati yao, kijana apenyeze mkono. Mwingine akasema kitenge kipelekwe Nyarugusu baadaye, kimyakimya. Kisha mwenyekiti wetu, mama aliyeipenda itifaki kuliko chakula, akapata wazo lililowafurahisha wote: kaka yake mama apande jukwaani, akipokee kwa niaba yake.

Kaka yake! Siku ya kisima huyo kaka alikuwa kilabuni, anakunywa pombe. Hapo alikuwa amefuata pilau tu, na tayari alikuwa anafunga vifungo vya koti.

"Haiwezekani," nilisema. "Mnamvika mwanamume kwenye sherehe ya wanawake?"

"Mwalimu, punguza sauti," mwenyekiti akanijibu. "Mgeni rasmi ni serikali. Hatuwezi kuiaibisha serikali kwa ajili ya mtu mmoja."

Mama wa Nyarugusu alikuwa ameketi kwenye gogo la kuni, khanga ingali usoni. Niliogopa analia. Alipoifunua, macho yalikuwa makavu.

"Wenye sururu niliwakabili," alisema. "Huyu simwogopi, namheshimu. Ila nielezeni, sherehe hii ni ya nani?"

"Ni yako, mama," mwenyekiti akasema.

"Sasa mbona mnanitafutia mimi pa kwenda? Yeye hana miguu?"

Kamati nzima ya wanawake, tuliojiita viongozi, tulikuwa tumehangaika muda wote huo kumwondoa mwenye sherehe, na kumwondoa kijana hakukutujia kichwani hata mara moja. Nikaenda jukwaani nikamnong'oneza yule kijana. Maskini, alishusha pumzi, akazunguka nyuma ya watu, akaingia kwenye Landrova na kuketi ametazama barabarani.

Wenzake wa kisimani ndio waliomvika mama, wote kwa pamoja, wakigombania pindo za kitenge. Vigelegele vilivyopigwa sijawahi kuvisikia tena. Nililia, na sioni haya kusema.

Kisha mwenyekiti wetu akasimama kutoa neno la shukrani. Aliishukuru serikali, akawashukuru wapishi, halafu akaigeukia Landrova na kumshukuru kwa namna ya pekee mgeni rasmi kwa uvumilivu mkubwa aliotuonyesha. Watu wakapiga makofi.

Mama wa Nyarugusu akanitazama, kitenge kikiwa begani, akauliza kwa sauti iliyosikika meza kuu nzima:

"Kavumilia nini?"