Chupa Moja ya Maji

Wifi yangu, fundi cherehani anayeitwa Mama Pindo na mtaa mzima, hana cheti chochote, lakini Jumatano alasiri hapokei wateja. Wazazi vijana huja na watoto wao, hukaa juu ya marobota ya vitambaa, naye huwafundisha huku akishona: kumwogesha kichanga, kumsimulia mtoto picha za kitabuni, kuzuia hasira mtoto anapolia. Mimi napiga pasi na kukosoa.

Somo la kuharisha hulirudia kila mwaka. Safari hii pia aliinua chupa yangu ya kunyunyizia nguo, akasema, "Pakiti moja ya unga wa dawa, ule wa chumvi na sukari, chupa moja ya maji yaliyochemshwa. Umenielewa, baba?"

"Nimeelewa, mama," akajibu mziba pancha, baba wa miaka kumi na tisa ambaye hata ndevu bado zinamwonea aibu.

Jumatatu iliyofuata alituingilia mbio, miguu mitupu.

"Mama, mtoto kalazwa! Muuguzi anasema nimemnywesha chumvi nyingi!"

Nilipigwa na butwaa hata pasi ikaunguza kola ya mteja.

"Ulichanganyaje?" wifi akauliza.

"Pakiti moja, chupa moja. Si ulivyosema?"

Akatuonyesha chupa yake. Ya nusu lita! Yangu ni ya lita nzima.

Wifi aliketi sakafuni. "Jamani, nimemuua mtoto wa watu." Nilitaka kumfokea kijana, maana pakiti imeandikwa kipimo. Nikameza maneno. Mimi mwenye ulimi mrefu nimelisikia somo hilo miaka mitatu, sikukosoa neno.

Kesho yake mtoto alinyonya. Majirani wakasema yaliyopita si ndwele. Wifi hakutaka kusikia. Aliwaagiza wote waje Jumatano na chupa wanazochanganyia dawa.

"Kosa ni langu," aliwaambia. "Niliwafundisha chupa, sikuwafundisha kipimo."

Akamimina maji kwa jagi lenye alama za kipimo, chupa moja baada ya nyingine, kwenye meza ya kukatia. Chupa zilikuwa kumi na moja. Zilizofika lita moja zilikuwa mbili tu!

Binti mmoja, aliyefiwa na mwanawe mwaka jana kwa kuharisha, aliichukua chupa yake ndogo.

"Mama," akauliza, "na wangu je?"

Wifi akaenda kukaa naye juu ya robota. Kama ni chupa au ni ugonjwa uliomuua, hajui. Hata mimi sijui.