Goti Lililochorwa kwa Chaki

Kwa miezi kadhaa niliiogopa Ijumaa. Baada ya sala, tukiteremka kutoka msikitini kwenda kwenye duka lake la ushonaji hapa Kamembe, baba yangu alikuwa akisimama kupumzisha magoti, akijifanya anatazama ziwa, kisha akiniuliza kama mtu anayeulizia barua: "Ile dawa imefika wapi?" Kila mara nilimjibu kwamba watafiti wanaendelea. Halafu nikatembea mbele yake kwa haraka isiyo ya adabu, kwa sababu sikuweza kusimama pale pamoja na jibu langu.

Kosa lilikuwa langu. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alikuwa amemweleza baba kwamba gegedu, ule utando laini unaofunika ncha za mifupa, limelika katika magoti yote mawili. Alimshauri mambo matatu: aache kukanyaga cherehani na badala yake afunge moteri ya umeme, asali akiwa amekaa kwenye kiti, na kila siku ainue miguu ili misuli ya mapaja ibebe sehemu ya mzigo. Baba alirudi kimya, na ukimya wake ukanitesa. Nilikuwa nimehitimu biolojia, nikifundisha sekondari Gashonga, na niliamini kwamba elimu isiyoweza kumfariji mzazi ni pambo tu. Basi nikachukua chaki yake ya kushonea, nikachora goti juu ya kipande cha bitana nyeusi. Nikamweleza kwamba ndani ya kiungo mna uvimbe unaowaka polepole na kulitafuna gegedu. Kwamba mwili una protini zake za kuuzima. Na kwamba watafiti wanajaribu kutengeneza protini za namna hiyo, zidungwe gotini na kukaa humo muda mrefu ili uharibifu usimame. Hayo yote yalikuwa kweli. Akaniuliza lini. Nikasema, "Karibuni, Papa."

Kati ya yote niliyosema, hilo ndilo alilolichukua. Kiti nilichopeleka msikitini akakirudisha nyumbani. Moteri ikabaki katika katoni, chini ya meza ya kukatia. Mazoezi akayaacha siku ya tatu, akisema anayengoja kitambaa kipya hashoni kiraka. Mchoro wangu akaubana ukutani kwa pini, akawa anawaonyesha wanawake waliomletea vitenge, wengi wao wakiwa na magoti yao ya kulalamikia, na kuwaambia kwamba mtoto wake ndiye aliyeisoma hiyo dawa.

Nami nilijua nililolificha: mengi niliyoyasoma yalikuwa bado ya panya wa maabara, na yanayofaa kwa panya mara nyingi hayamfai binadamu. Darasani niliwakataza wanafunzi kuruka kutoka kwa mnyama mmoja hadi mwingine bila ushahidi. Nyumbani nilikuwa nimeruka. Kila asubuhi, nikingoja moto, ile pikipiki ya abiria, inipeleke Gashonga, nilifungua simu na kutafuta makala ya kuniokoa nisilazimike kukiri.

Ikaja Ijumaa ambayo safu nzima iliinuka kutoka kwenye sijida, baba akabaki chini. Watu wawili wakamwinua kwa makwapa. Nje, fundi viatu mmoja, rafiki yake tangu walipokuwa wakiishi Bukavu, ng'ambo ya mpaka, akamtania kwamba sijida ile imekuwa ndefu mno; aliomba nini?

"Niliomba protini," baba akasema.

Wakacheka wote, yeye akiwa wa kwanza. Mimi nikampa bega aegemee, tukateremka.

Dukani sikukaa. Nilienda na kurudi kati ya meza na mlango, hadi akaniambia nitamtobolea sakafu. Ndipo nikasema kwamba dawa haiko karibu. Kwamba inajaribiwa kwa panya. Kwamba pengine itafika, pengine haitafika, na hata ikifika huenda isimrudishie kilichokwisha kulika.

Baba aliuchomoa uzi kwenye sindano, akautunga upya.

"Bale panya, banatembea?"

"Kuna wanaotembea vizuri zaidi, Papa."

"Basi iko muzuri kwao. Miye siko panya." Akapiga fundo mwisho wa uzi. "Ulijua tangu lini?"

"Tangu siku ile."

"Basi miezi yote hii nilikuwa nakanyaga mashini juu ya neno yako."

Kwa kidevu akanionyesha chini ya meza: nitoe moteri.

Siku hizi anasali kwenye kiti, mwisho wa safu, na kabla ya kufungua duka huinua mguu mmoja mmoja, mfuko wa vifungo vya zamani ukiwa umefungwa kwenye kifundo cha mguu kama uzito. Maumivu hayajaisha, ila anateremka kilima bila kusimama. Haniulizi tena, wala sijapata utulivu niliodhani ungekuja swali likikoma. Bado nafungua simu kila asubuhi, kwa kuwa bado naamini kwamba wanaoitafuta dawa hiyo wanafanya kazi njema.

Mchoro nilitaka kuutoa. Akanikataza. Juzi mwanamke kutoka Nkungu alileta sare za shule za kupunguza, akauona, akauliza kama hiyo ndiyo dawa ya magoti aliyoisikia. Baba hakuinua kichwa. Moteri iliendelea kuvuma.

"Muambie," akasema.

Nikavuta kigoda, nikakaa mbele ya mwanamke yule, nikaanza na panya.