Ushahidi Dhidi ya Mpanga Herufi

Zamani mtu alijulikana kwa kazi ya mikono yake. Siku hizi mikono hiyohiyo ikilika kwa kazi, kimashine cha ukubwa wa kipande cha sabuni kinasema mwenyewe hayupo.

Mpanga herufi alikuwa fundi wa aina isiyopatikana tena. Kwa miaka thelathini na mmoja alisimama mbele ya makasha ya herufi za madini ya risasi katika kiwanda kidogo cha uchapaji, akiziokota moja moja na kuzipanga mstari baada ya mstari. Alizipanga kichwa chini na kinyume, maana herufi ya kuchapia imegeuzwa kama sura kwenye kioo. Mkewe alishona vitabu upande wa pili wa ukuta wa mbao, na mtaani walimwita Mama Uzi. Waliishi vyumba viwili nyuma ya kiwanda pamoja na watoto wao: binti wa miaka kumi na sita aliyeitwa Jicho kwa kuwa hakuna kilichompita, na mdogo wake wa kiume, Kishindo, ambaye ukikaa naye dakika tano hutauliza jina hilo lilitoka wapi.

Jicho ndiye aliyeanza kushuku. Alikuwa mezani anasoma kitabu cha historia, baba yake ameketi mbele yake anakunywa chai.

"Fungua ukurasa mwingine, mwanangu," baba akasema. "Huo nimeshaumaliza."

Kitabu kilikuwa kimeelekea kwa Jicho. Akakigeuza polepole, kikamwelekea baba yake kama kinavyomwelekea kila msomaji duniani. Basi mzee akaanza kukwamakwama, akifuata maneno kwa kidole kama mtoto wa darasa la kwanza. 

Siku hiyohiyo Jicho akafungua daftari. Mgongo wa daftari ulikuwa umechanika, lakini kurasa zilitosha. Juu aliandika "Ushahidi", akapiga mstari chini yake.

Ushahidi ulikuja wenyewe. Siku moja Jicho na mama yake walikwenda duka la vifaa vya shule, na wanafunzi wenzake wanne walikuwepo. Mama Uzi akapitisha gumba kwenye ukingo wa bunda la karatasi, prrr, akamwambia muuzaji, "Zimepungua mbili." Muuzaji akacheka. Akahesabu. Zilipungua mbili. Kana kwamba aibu hiyo haitoshi, mama akaanza kunyoosha magazeti yaliyokuwa kwenye kaunta, akigonga kingo zake mpaka zikawa sawasawa, magazeti ambayo wala hakuwa na nia ya kuyanunua.

Baba naye hakutoka nyumbani bila kalamu nyekundu sikioni. Alisahihisha matangazo ukutani. Alisahihisha bei za machungwa. Kadi ya harusi ya jirani aliirudisha ina alama tisa nyekundu, na bado harusini akaenda, akala, akaongeza.

"Dada, mimi nakwambia hawa si watu," Kishindo alisema.

"Punguza sauti."

"Jana Mama kajichoma sindano, imezama hivi! Damu hakuna. Kaendelea kucheka hadithi ya jirani. Mtu gani huyo?"

"Ngoja niandike."

Mjomba wao alipompa Kishindo simu yake ya zamani, ile ya kufunguka kwa kidole, wakaona wamepata kipimo. Walimwomba baba aweke gumba ili walisajili. Simu ikakataa. Wakajaribu vidole vyote kumi, kimoja kimoja, na mara kumi simu ikaandika: Kidole hakikutambulika. Baba akaviangalia vidole vyake, akavipangusa kwenye suruali, akarudi kazini. Kishindo akavua kiatu, akaweka kidole gumba cha mguu. Simu ikakisajili.

"Umeona? Hata mguu wangu una utu kuliko mikono ya Baba!"

Hawakucheka sana. Jicho aliandika huo kuwa ushahidi wa tano, kwa herufi kubwa.

Mwaka huo shule ilileta agizo jipya. Hakuna mwanafunzi angefanya mtihani wa mwisho kabla mzazi au mlezi wake hajaweka kidole kwenye mashine ya usajili, na mwisho wa kusajili ulikuwa Ijumaa, saa sita mchana. Jicho alikuwa wa kwanza darasani. Bila mtihani huo asingekanyaga chuo. Angeweza kuwakumbusha wazazi wake mapema yale yaliyotokea kwenye simu. Hakusema. Alitaka kuona.

Ijumaa asubuhi wakafika wote wawili, baba na kalamu yake sikioni, mama na nyuzi zimemganda kwenye mkono wa gauni. Foleni ilifika mlangoni.

"Mzee, bonyeza vizuri," karani wa usajili alisema.

"Nimebonyeza."

"Kingine. Kingine tena. Ah. Mama, njoo wewe."

Mama Uzi akaweka gumba lililotobolewa na sindano kwa miaka, gumu kama kisigino. Mashine ikalia na kuwaka taa nyekundu.

"Inasema hakuna mtu," karani akatangaza, kama aliyekuwa akiingoja nafasi hiyo.

"We Jicho!" mvulana mmoja aliita kutoka nyuma. "Wazee wako umewatoa dukani? Warudishe, labda bado wana dhamana!"

"Wachaji kwanza!" akadakia mwingine.

Foleni nzima ikacheka. Jicho alishika mkoba wake kifuani; daftari lilikuwa ndani. Alijua tangu zamani, na sasa mashine ya serikali nayo imejua. Mbona furaha haiji?

"Kama hawasomeki, lete mlezi mwingine," karani akamwambia. "Saa sita nafunga."

Mpanga herufi hakubishana. Alikuwa ameinama kidogo, macho yake kwenye meza ya karani, kwenye karatasi iliyoelekea upande wa pili na kukaliwa na kikombe cha chai.

"Kifungu cha tisa," akasema taratibu. "'Mzazi ambaye alama za vidole vyake zimefutika kwa kazi, atatambuliwa kwa neno la mtahiniwa mwenyewe, mbele ya mkuu wa shule.'"

"Umeisoma wapi hiyo?"

"Hapo, kando ya kikombe chako."

"Lakini iko kichwa chini!"

"Kwangu mimi imekaa sawa."

Karani akainua kikombe, akasoma huku midomo ikimcheza. Hakuwa ameisoma karatasi hiyo tangu aletewe. Siku hizi mtu hupewa kazi kabla hajajifunza kusoma maelezo yake. Mkuu wa shule, mama mmoja mnene asiyependa kupotezewa muda, akaitwa.

"Haya binti. Hawa ni nani wako?"

Jicho alifungua mdomo. Kitabu kilichogeuzwa, sindano, vidole kumi, vyote vilimjia kwa pamoja. Baba yake alikuwa anatazama vidole vyake. Mama Uzi alikuwa ameshaanza kunyoosha karatasi za karani, pap, pap, na ghafla mikono yake ikasimama. Jicho hakuwahi kuiona ikisimama.

"Binti, nimekuuliza."

"Ni baba yangu," akasema mwishowe. "Na huyu ni mama yangu."

Nyumbani hakuna aliyeligusa jambo hilo, na hilo nalo likamtia shaka. Mtu angegomba. Mtu angenuna. Hawa walipika, wakala, wakalala.

Wiki moja baadaye alilikuta daftari lake rafuni, pale alipokuwa hajaliweka. Mgongo wake ulikuwa umeshonwa upya kwa uzi mwekundu. Ndani, makosa yake yote yalikuwa yamesahihishwa. Hakuna ushahidi uliofutwa, hakuna uliokanushwa. Pembeni mwa ukurasa kulikuwa na mstari mmoja wa wino mwekundu: "Ushahidi wa tano hauna tarehe."

Akafaulu. Mwenye kiwanda akaleta kompyuta mbili na kijana anayetafuna ubani, na herufi za risasi zikauzwa kwa kilo kama masufuria mabovu. Vitabu vya leo vinabandikwa kwa gundi. Fungua mara tatu, kurasa zinakukimbia, na hakuna anayeona ajabu. Miezi minne baada ya Jicho kwenda chuo, homa ilipita mtaani. Yenyewe haikuhitaji mashine. Iliwatambua wote wawili, na ndani ya wiki moja wakazikwa.

Kwa hiyo mara ya mwisho Jicho kuwaona ilikuwa asubuhi ile ya safari ya chuo, kwenye kituo cha mabasi. Kulikuwa na baridi na vioo vya basi vilikuwa na ukungu kwa ndani, vumbi kwa nje. Mama Uzi alikuwa ananyoosha mizigo ya abiria wasiomjua. Jicho, ameshaketi ndani, akaandika kwa kidole kwenye ukungu neno alilolibeba tangu siku ya usajili: "Nilikawia."

Kwa aliyesimama nje neno lilikuwa limegeuka. Baba yake alilisoma papo hapo. Akanyoosha kidole na kuandika kwenye vumbi, kinyumenyume, haraka, ili aliye ndani alione sawa: "Kidogo tu."

"Mama, mwangalie Baba, anaandika kinyume mbele za watu!" Kishindo alilalamika.

Mzee akaweka kiganja kwenye kioo. Basi likaondoka. Jicho aligeuka, akawaona watatu wamesimama, kisha akawaona wadogo, kisha hakuwaona. Kwenye vumbi kilibaki kiganja na vidole vitano, laini, bila mstari hata mmoja, na kila aliyetaka kukifuta kioo alimkatalia.