Maridhiano Nyumbani kwa Dada

Neno "maridhiano" nililisikia kwanza baada ya koo mbili kupigania kisima, kwetu upande wa Hulugho. Maana yake ilikuwa moja tu: wazee wameketi, bunduki zimewekwa chini, mifugo irudi majini. Ugatuzi ulipokuja, wanasiasa walilichukua. Likawa demokrasia ya maridhiano: kabla ya uchaguzi wazee wagawane viti, ukoo huu ubunge, ule useneta, watu wasije wakauana. Katiba nilijisomea mwenyewe, kifungu kwa kifungu, na bado sikuona ubaya.

Kisha dada yangu mdogo, mwalimu hapa Garissa, akataka kiti cha wadi. Kiti kilikwisha kuangukia ukoo wetu. Kilichobaki ni kuteua mtu. Kwa adabu, akawaalika wazee waketi nyumbani kwake, akachinja mbuzi wawili. Aliamini mwenye nyumba atasikilizwa.

"Mwalimu, pilau yako inashinda manifesto ya mtu yeyote," baba yetu mdogo alimtania. Wazee wakacheka.

"Manifesto pia iko, adeer," dada akamjibu baba mdogo kutoka mlangoni. "Nipeni dakika chache tu."

"Tuletee maji ya kunawa kwanza."

Alipotoka, mzee mmoja akamtaja binamu yetu mwenye malori kwa kiti hicho. Wengine wakaitikia kwa vichwa.

"Wazee, dada yangu hajazungumza," nikasema.

"Atazungumza baada ya dua, inshallah."

Fatiha ikasomwa. Dada alirudi na birika, akakuta mikono imeinuliwa.

Kwetu, jambo lililosomewa Fatiha halifunguliwi tena, na mwenye nyumba huwa shahidi wake wa kwanza. Angewaalika kwingine, labda angeweza kupinga. Kupinga kilichoombewa chini ya paa lake ni kuwafukuza wageni.

Alinivuta jikoni. "Walaal, ndugu yangu, nikisimama kama mgombea huru?"

"Sheria inakuruhusu."

"Sikukuuliza sheria. Nani wetu atanipigia kura?"

Nikawahesabu moyoni: mumewe, ndugu zetu, wake zao. Wote walikuwa na mzee wao pale sebuleni.

"Na wewe?"

Kabla sijajibu, baba mdogo aliita kwamba wazee wanaondoka, mwenye nyumba aje apongezwe kwa kuleta maridhiano. Dada akajitanda vizuri shungi lake, akaenda kuwashukuru.