Koti la Mlinzi wa Lango

Mtaani walimwita Koti, na jina hilo lilimkera mkewe kuliko yeye mwenyewe. Mke alikuwa fundi cherehani wa kusifika, halafu kila asubuhi mume huyo anapita mbele ya wateja na koti lililopauka kama tambara la jikoni.

Koti alilinda lango la maji kwenye hifadhi ya pwani. Bahari ikijaa analifunga, ikipwa analifungua, ili matope yasifunikwe na maji na ndege wanaokuja kutoka mbali wapate cha kudonoa. Msimu huo walikuwa wametaga chini kabisa, katikati ya maua ya mwitu. Mwaka juzi mkewe alimshonea koti jipya la buluu. Akalivaa siku moja, akalitundika ukutani. "Ndege hawakulitaka," alisema. Mke akanuna wiki nzima. Mwanamume gani huyo, kutafuta radhi ya ndege?

Ikaja siku ya maji makuu, na Koti yuko kitandani na homa, miguu haimbebi. Lango lisipofungwa, mayai yote yanakwenda na maji.

"Nitakwenda mimi," mke alisema.

"Basi vaa koti langu."

"Hilo? Bora nijifunge shuka."

"Mke wangu, nakuomba. Wakiona mgeni wanaruka, na kunguru wanangoja hayo mayai tu."

Alilivaa amekunja uso. Lilinuka jasho na matope. Njia ilipita katikati ya viota, naye akawa anaweka mguu kwa woga. Ndege wa kwanza aliinua shingo, akamtazama kuanzia kola hadi pindo, kisha akajikalia vizuri juu ya mayai yake. Wa pili vivyo hivyo. Mke alizungusha gurudumu la lango mpaka likagota, na hakuna hata mmoja aliyeruka. Hapo machozi yakamtoka. Miaka yote alidhani mumewe ni mvivu wa kubadili nguo, kumbe mwenzake ameaminiwa.

"Wameruka?" Koti aliuliza mkewe aliporudi.

"Wamenidharau kabisa."

Koti akacheka mpaka akakohoa.

Tangu siku hiyo koti la buluu liko kwenye kamba ya nguo, jua lake, mvua yake.

"Fundi, utaliharibu bure," jirani alimwambia.

"Acha lipauke. Lile la zamani halina siku nyingi, na sitaki mume wangu awe mgeni kule."