Uso wa Kubeba Matangani

Mwaka mzima ulikuwa umepita tangu amzike mkewe, Asnakech, na Gashe Bezuneh bado alikuwa anaona haya. Huzuni alikuwa nayo, hilo halina mjadala, lakini kilichomnyima usingizi ni haya. Kwao Dire Dawa, mtu akifa picha yake inakuzwa na kutiwa kwenye fremu, kisha wanawake wanapokezana nayo ndani ya hema la matanga, wanaiinua, wanaililia, wanaisemesha kwa jina. Sasa ya Asnakech ilitoka wapi? Ilitoka kwenye harusi ya jirani, watu kumi na tisa wamejipanga mbele ya geti, yeye wa pili kutoka mwisho, uso mdogo kama punje ya dengu. Ilipokuzwa ikawa ukungu mtupu. Shangazi mmoja aliyetoka Harar aliikumbatia, akalia kwa uchungu kweli kweli, huku anataja jina la mtu mwingine. Hakuna aliyemsahihisha.

Na aliyepiga picha ile ni nani? Bezuneh mwenyewe! Miaka thelathini na minne ya ndoa, jamani, mtu hana hata picha moja ya uso wa mkewe. Lakini tusimwonee. Alifanya kazi ya reli tangu ujanani, kazi ya kupungia treni bendera, na mtu wa reli jambo la kwanza anafundishwa kukaa mbali na njia. Akishika kamera ya kuazima anarudi nyuma, anarudi tena, mpaka waingie watu, nyumba, geti na mlima. Hapo ndipo roho yake inatulia.

Watoto hawakujaliwa. Wa tumbo moja naye aliyebaki ni dada yake mkubwa, Tiruwork, mwenye miaka themanini na moja na moyo ambao daktari aliuzungumzia kwa sauti ya chini. Bezuneh akaapa: huyu hakuna mtu atakayelilia ukungu wake. Akanunua kamera iliyotumika, na Jumamosi moja akabisha hodi studio ya Nejat, binti wa Kiharari aliyekuwa akiwakusanya wanaoanza kujifunza picha.

Utaratibu wao ulikuwa mwepesi. Unaweka picha yako mezani, na kila mtu anakutajia kitu kimoja kilichokaa vizuri na kimoja cha kurekebisha. Vijana wale walichambuana bila huruma, wakacheka, wakaenda kupiga upya. Zamu ya Bezuneh ilipofika, wote walisimama na kumwita Gashe, kama mzee anavyoitwa kwa heshima.

"Gashe, kaa hapa penye mto."

"Gashe, inapendeza mno!"

"Mungu akupe umri, Gashe. Hii haina kasoro."

Haina kasoro! Dada yake alikuwa ameketi mlangoni, mdogo kama kuku. Bezuneh alikuwa anaiona kasoro kwa macho yake, ila hakujua inaondolewaje. Nani katika mji ule atamwambia mzee wa miaka sabini na mbili kwamba kazi yake mbovu? Hawakumcheka, walimheshimu, na heshima ile ilimwacha pale pale alipokuwa. Jumamosi tano alirudi nyumbani na sifa, akajitandikia injera yake, mkate mpana mwembamba, kwenye sinia, na kuila upande mmoja tu. Upande wa pili ulibaki mzima. Kwao chakula kinaliwa na wengi kwenye sinia moja, mtu anamtilia mwenzake tonge mdomoni. Bezuneh alikuwa amesahau mara ya mwisho kutiliwa tonge.

Jumamosi ya sita alifika mapema. Nejat alipoinamia birika la chai, mzee akachomeka picha yake katikati ya rundo la wengine, bila jina, akaenda kukaa kwenye mto wake kama mtu asiyejua lolote.

Nejat aliifikia. Akaigeuza nyuma, akairudisha mbele. "Ya nani hii?"

Vijana walitazamana, na Bezuneh naye akawatazama.

"Haya, mwenyewe anaona aibu, tuisaidie. Kizuri ni mwanga. Umeanguka ukutani laini kabisa, huyu anajua saa ya kupiga. Lakini mtu yuko wapi? Naona geti, naona dumu la maji, naona mkia wa mbwa. Kamba ya nguo imemtokea mama wa watu kichwani!"

"Labda mama anang'ata, ndiyo maana kapigwa kutoka mbali," alisema kijana mmoja, na studio nzima ikaangua kicheko.

"Mpigaji kamkimbia," Nejat aliendelea. "Anampenda, hilo linaonekana, ila kamkimbia. Asogee hatua tano. Ashuke, macho yake yawe sawa na ya mama. Geti litoke, mbwa atoke. Na ule upande anaotazama mama, aache nafasi kidogo, asimbane."

Masikio ya Bezuneh yaliwaka moto. Alijisikia vibaya, na papo hapo alijisikia vizuri kuliko siku yoyote ya mwaka ule.

"Hatua tano," aliuliza, "au sita?"

Walimgeukia wote. Nejat alishika mdomo. "Yuu! Gashe! Nisamehe, sikujua, wallahi sikujua!"

"Nimekusamehe. Ila mkiniambia tena inapendeza, siji hapa. Nina dada mgonjwa, sina muda wa kupendezwa."

Kwa mara ya kwanza hakuna aliyesimama. Walimvuta mezani kama mmoja wao, wakamchorea fremu kwenye karatasi ya kufungia andazi, wakambishia hadi chai ikapoa.

Kesho yake, baada ya kanisa, alikwenda kwa Tiruwork. Dada yake alikuwa uani, anakaanga kahawa kwenye jiko la mkaa. Bezuneh alisogea hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ya nne miguu ilikataa. Tangu Asnakech afe hakuwa amemsogelea mtu kiasi hicho, na kila alipoukaribia uso huu aliona saa ya kuupoteza.

"Umepooza?" aliuliza Tiruwork. "Unakuja au huji?"

Akaja. Akapiga goti, goti likalia, akaliacha geti na mbwa na kamba ya nguo huko kwao. Mikunjo, nywele nyeupe zilizochomoza kwenye kitambaa, macho yanayofuata moshi, na kushoto nafasi ya kutosha kwa moshi kupita. Akabonyeza.

Alimpa kamera aangalie. Tiruwork aliishika mbali na macho, kisha karibu, akaitazama sana.

"Bezu. Hii ni ya matanga yangu?"

"Etiye, dada yangu, maneno gani hayo..."

"Usinidanganye, mimi ndiye niliyekulea." Alikuwa anacheka. "Safi. Wakiniinua, watu watajua wanamlilia nani. Na wewe? Wataiinua ipi?"

Bezuneh alikuwa nayo moja tu, ya kitambulisho cha reli, ana kofia, ana miaka ishirini na nane. Na wa kuiinua angekuwa nani? Tiruwork hakuuliza hilo, lakini kicheko chake kilikatika, na Bezuneh akajua amelifikiria.

"Nionyeshe pa kubonyeza," alisema dada.

"Hapa. Lakini kaa pale pale, ukija karibu mno itatoka ukungu."

"Nyamaza. Wewe na mbali yako!"

Aliinuka kwa kushikilia ukuta, akamjia, hakusimama penye hatua tano wala tatu. Alisogea mpaka Bezuneh akasikia harufu ya siagi aliyojipaka nyweleni na kahawa kwenye pumzi yake. Uso wa mtu haukuwa umekaribia wake hivyo tangu ule wa Asnakech hospitalini. Machozi yakamwagika, mzee mzima, mchana kweupe, mbele ya kamera.

"Ngoja, Etiye. Ngoja kwanza nijifute."

"Usijifute," alisema Tiruwork, na akabonyeza.