Arosto ya Bi Kazija

Bi Kazija anatafuna tambuu tangu alipoolewa, na ukitaka kugombana naye, mguse kijaluba, kile kikopo chake cha tambuu. Nimekuwa jirani yake hapa Jang'ombe tangu watoto wetu wakiwa wadogo. Nimemwona akiwa na homa, akiwa na msiba, akiwa hana hata chumvi ndani, lakini nilikuwa sijapata kumwona hana kitu mdomoni. Kazi yake ni kushona kofia za viua barazani kwake, na kijaluba hukaa wazi ubavuni: majani, popoo, chokaa na tumbaku. Wanaotaka kofia ya Idd wanamjua vizuri. Tumbaku ikimwishia, hakuna kofia.

Mjukuu wake Ulfat alikuja kukaa naye alipoingia kidato cha kwanza, maana wazee wake wanaishi Mtoni na skuli iko karibu na kwetu. Mtoto mpole, mcheshi, anayejua kumdekeza bibi yake. Yeye ndiye aliyemkunjia tambuu, na yeye ndiye aliyetumwa Darajani kununua tumbaku. Bi Kazija hamwamini muuzaji yeyote duniani, kwa hiyo kila mara alimpigia kelele mtoto akiwa tayari yuko mlangoni: "Onja kwanza, mwanangu! Ikiwa haikuchomi ulimi, mrejeshee mwenyewe! Usiniletee majani makavu!"

Nasi tulikuwa tukicheka. Hatukuona ubaya wa msichana wa skuli kuonja tumbaku. Kwetu sisi ubaya ulikuwa sigara, tena sigara za wavulana.

Ramadhani ya mwaka huu ndiyo iliyotufumbua macho. Bi Kazija akifunga hupata arosto, ule uchu wa tumbaku, na arosto yake inajulikana mtaa mzima. Ikifika alasiri kichwa kinamgonga, mikono inamtetemeka, uzi hauingii kwenye sindano, na hugombana hata na paka. Tumeshamzoea. Alasiri moja nilikuwa uani kwake nikimkunia nazi za futari, Ulfat anapanga vyombo. Sahani ikamponyoka, ikavunjika. Bibi yake akamuuliza ana nini. Ulfat akamjibu kwa ukali ambao hatujapata kuusikia kinywani mwake, kisha akakaa chini, akashika kichwa, akalia.

Bi Kazija akaacha kila kitu. Akamshika mikono, akaitazama inavyotetemeka, halafu akaitazama yake mwenyewe.

"Ulfat," akasema taratibu, "una arosto wewe?"

Mtoto akainamisha kichwa.

"Tumbaku yangu?"

"Ndiyo, Bibi."

"Nani kakufunza?"

Ulfat akamtazama kwa mshangao wa kweli, bila ujeuri hata kidogo. "Si wewe, Bibi? Uliniambia nionje. Mwanzo nlikuwa natema. Halafu nkaanza kuipenda. Sasa nisipotia mdomoni, hata mwalimu simsikii anasema nini."

 Bi Kazija alimvuta mtoto kifuani. "Nisamehe, mwanangu," akamwambia. "Nisamehe." Mimi nikaendelea kukuna nazi iliyokwisha zamani, nakuna kifuu kitupu, ili nisiwatazame.

Jioni ile wakakubaliana kwamba wataacha wote wawili. Kijaluba kikafungiwa kabatini, ufunguo nikapewa mimi. Nilidhani ningeombwa ufunguo kabla ya kulala, lakini wapi. Watu wakishafuturu na kujinyoosha, wale wawili walikuwa wakizunguka ua wakitafuna iliki, huku wakigombana na kupatana. Viua vya kofia vikaenda mrama. Ulfat alirudi kutoka skuli uso umemvimba kwa kulia, na bibi yake akamkanda kichwa hali na chake kinamuuma. Nilimpenda zaidi siku zile kuliko miaka yote ya ujirani wetu.

Kisha ikaja jioni moja, tumeshafuturu, Ulfat anaosha vyombo uani. Bi Kazija akafungua fundo la pindo la kanga yake. Ndani mlikuwa na tumbaku kidogo.

"Kazija!" nikamaka.

"Ninyamazie, shoga," akaninong'oneza. "Mie mtu mzima, nshazoea. Muhimu aache mtoto." Akaitia shavuni, akafumba macho kwa raha.

Alipoyafumbua, Ulfat alikuwa amesimama mbele yake, mikono ingali na povu la sabuni. Nikajua sasa ugomvi umekuja. Lakini mtoto hakumkumbusha ahadi wala hakuinua sauti. Alikaa mkekani, akamnyooshea bibi yake mkono, kiganja wazi, kama mtoto mdogo anayeomba kashata.

"Basi na mie nipe, Bibi. Kidogo tu."

Bi Kazija akakitazama kile kiganja. Namjua, najua alivyokuwa akiililia tumbaku ile, na najua ingekuwa rahisi kumfukuza mtoto kwa maneno ya wakubwa. Akaitema yote. Akasukutua, akasukutua tena, mpaka maji ya jagi yakaisha. Kisha akakishika kiganja cha mjukuu wake kwa mikono yake yote miwili.

"Sina cha kukupa, mwanangu," akasema. "Nshaitema."

Wakakaa hivyo hivyo, wameshikana, mpaka ikaadhiniwa isha.